Isizidi na Isipungue: Kugawa Eka Zako Kabla ya Kupanda



Kila mwaka kabla ya mvua ndefu swali huwa ni moja katika mashamba ya skimu: safari hii nipande eka ngapi za mahindi na eka ngapi za viazi? Wengi hujibu kwa kukumbuka bei ya msimu uliopita. Viazi vikipata bei nzuri, watu wote hukimbilia viazi. Bei ikianguka, wote hurudi kwenye mahindi. Wengine hutazama tu shamba la jirani. Tena wako wanaokwenda kukopa kwanza na kufikiri baadaye. Makala hii yaeleza njia nyingine, ambayo yahitaji karatasi ya miraba kutoka daftari ya hesabu ya watoto, rula, penseli, na saa moja ya jioni.

Njia hii imejengwa juu ya maneno mawili ambayo mkulima huyasikia kila siku: isizidi na isipungue. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zasema mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Mahindi ya kuuzwa ghalani hutakiwa unyevu wake usizidi asilimia 13.5. Fahamu kwamba maneno hayo hayakuambii ufikie nambari moja tu. Mfuko wa kilo 49 wakubaliwa, wa kilo 40 wakubaliwa, lakini wa kilo 51 haukubaliwi. Ni kama ua wa boma: ndani yake unaweza kusimama mahali popote upendapo, lakini usiuruke. Mwalimu wa hesabu huandika ≤ mahali pa "isizidi" na ≥ mahali pa "isipungue". Mdomo wa alama hufunguka siku zote upande wa kilicho kikubwa.

Mashamba ya skimu yenyewe yalipimwa kwa fikira hiyo. Mpango wa Eka Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, maofisa walifanya bajeti za mashamba kabla ya kuyagawa: mapato yasipungue chakula cha jamaa, malipo ya mkopo, na fedha kidogo za kubaki mkononi. Bajeti hiyo ilikuwa ya maofisa. Hii ya leo ni yako.

Twaa mfano wa mkulima mwenye eka sita za kulima, mbali na malisho na kiwanja cha nyumba. Ana Sh. 180,000 alizoweka kwa ajili ya msimu. Nambari nitakazotumia ni za mfano tu, ili hesabu ionekane. Za kwako utaziweka mwenyewe. Tuseme eka moja ya mahindi yamgharimu Sh. 20,000 kwa kulima, mbegu na mbolea, nayo yampa magunia 15 ya Sh. 3,000 kila moja. Mauzo ni Sh. 45,000, na faida Sh. 25,000. Eka moja ya viazi yamgharimu Sh. 60,000, maana mbegu safi ya viazi ni ghali na dawa ya baridi haiepukiki, nayo yampa mifuko 60 ya Sh. 2,000. Mauzo ni Sh. 120,000, na faida Sh. 60,000.

Mtu wa haraka atasema, "Basi, viazi tupu!" Ngoja kwanza. Eka sita za viazi zataka Sh. 360,000, naye anazo nusu tu ya hizo. Fedha nazo si ua wa pekee. Tuzihesabu nyua zote, na eka za mahindi tuziite M, eka za viazi tuziite V.

Wa kwanza ni ardhi. Mahindi na viazi pamoja visizidi eka sita: M + V ≤ 6.

Wa pili ni fedha. 20,000 mara M, ongeza 60,000 mara V, jumla isizidi 180,000. Ukigawa kote kwa 20,000 inakuwa nyepesi: M + 3V ≤ 9. Yaani kwa upande wa fedha, eka moja ya viazi ni sawa na eka tatu za mahindi.

Wa tatu ni mikono, na huu ndio husahauliwa na watu wengi. Mbegu zaweza kupandwa kwa siku chache ukipata trekta, lakini palizi haingoji. Tuseme eka ya mahindi yataka siku 10 za mtu mmoja, na eka ya viazi siku 20, kwa kuwa viazi vyataka kupaliliwa na kuinuliwa udongo. Nyumbani wako watu wawili wenye nguvu, na muda wa kazi hiyo ni siku 35, basi siku za kazi ni 70. Kwa hiyo 10M + 20V ≤ 70, au kwa kifupi M + 2V ≤ 7.

Wa nne umewekwa na udongo wenyewe. Bakteria wa mnyauko wa viazi hukaa udongoni hata baada ya mavuno, na ukivirudisha viazi mahali palepale kila msimu unawalisha. Nyanya, biringanya na pilipili ni za ukoo uleule, kwa hiyo hazifai kuwa mapumziko. Mkulima wetu ameamua kila sehemu ya shamba ipate viazi mara moja tu katika misimu mitatu. Eka sita ukizigawa kwa tatu ni mbili: V ≤ 2.

Wa tano ni chungu cha nyumbani. Jamaa hula magunia 12 kwa mwaka, na eka moja hutoa 15. Basi mahindi yasipungue eka moja: M ≥ 1. Huu peke yake ndio wa "isipungue". Mingine minne ni ya "isizidi".

Sasa chora. Piga mstari mmoja wa kulala chini ya karatasi, uandike 0, 1, 2 hadi 9: hizo ni eka za mahindi. Piga mwingine wa kusimama upande wa kushoto, nao uandike vivyo hivyo: hizo ni eka za viazi. Kila nukta katika karatasi hiyo ni mpango mmoja wa kupanda. Nukta iliyo juu ya 3 ya mahindi na mkabala wa 2 ya viazi maana yake ni eka tatu za mahindi na mbili za viazi.

Kila ua ni mstari ulionyooka, na mstari wataka nukta mbili tu. Mstari wa ardhi: ukipanda mahindi tupu ni 6, ukipanda viazi tupu ni 6, unganisha 6 ya chini na 6 ya kushoto. Mstari wa fedha: mahindi tupu ni 9, viazi tupu ni 3. Mstari wa mikono: mahindi tupu ni 7, viazi tupu ni 3 na nusu. Mstari wa udongo walala kwenye 2 ya viazi. Mstari wa chakula wasimama kwenye 1 ya mahindi.

Upande upi wa mstari ndio wa ndani? Jaribu nukta ya 0 na 0, pembeni chini, yaani kutopanda chochote. Asiyepanda hatumii fedha wala ardhi wala siku za kazi, kwa hiyo kwa nyua nne za "isizidi" upande wa pembe hiyo ndio halali. Kwa ua wa chakula ni kinyume: asiyepanda hana cha kula, basi upande halali ni wa kulia. Paka penseli nje ya kila mstari. Sehemu iliyobaki nyeupe katikati ndiyo mipango yote unayoweza kuifanya bila kudanganya mtu yeyote, nawe ukiwamo.

Sehemu hiyo nyeupe ina pembe tano. Zisome kwa rula: mahindi 1 bila viazi, mahindi 1 na viazi 2, mahindi 3 na viazi 2, mahindi 5 na viazi 1, na mahindi 6 bila viazi.

Kwa nini nasema pembe? Kwa sababu ukitembea juu ya mstari ulionyooka, faida ama yapanda njia nzima, ama yashuka njia nzima, ama yakaa palepale. Haiwezi kupanda hadi katikati kisha ikageuka. Basi faida kubwa kabisa hapana budi ipatikane mwisho wa mstari, yaani kwenye pembe, na huna haja ya kujaribu mipango yote. Jaribu hizo tano tu. Mahindi 1 peke yake yaleta Sh. 25,000. Mahindi 1 na viazi 2 yaleta 145,000. Mahindi 3 na viazi 2 ni 75,000 na 120,000, jumla 195,000. Mahindi 5 na viazi 1 ni 185,000. Mahindi matupu eka sita ni 150,000.

Hapa nitoke kando kidogo, kwa ajili ya makarani wenzangu. Mwaka 1945 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Stigler, alitafuta posho ya bei nafuu ambayo ingempa mtu mmoja virutubisho tisa visivyopungua kiwango. Alikuwa na vyakula 77 vya kuchagua. Kwa kukisia kwa akili alipata posho ya dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za mwaka 1939. Mwaka 1947 hesabu hiyohiyo ilifanywa kwa njia ya pembe iliyobuniwa na George Dantzig. Makarani tisa wenye mashine za mkono walitumia jumla ya siku 120 za kazi, wakapata dola 39.69. Tofauti ilikuwa senti 24! Siku hizi mashine humaliza kazi hiyo kabla hujapiga chafya, na chakula cha mifugo viwandani huchanganywa kwa hesabu ya namna hiyo. Lakini vyakula 77 havichoreki katika karatasi. Wewe una mazao mawili, na mazao mawili yachoreka.

Turudi shambani. Pembe bora ni mahindi 3 na viazi 2. Tazama jambo la ajabu: eka zilizopandwa ni tano, na moja imebaki tupu. Mkulima wa skimu akiona eka tupu moyo humwuma, naye husema, "Nimekosa fedha tu, nikikopa 20,000 nitaijaza." Chora basi mstari mpya wa fedha, wa Sh. 200,000: 10 chini, na 3 na theluthi kushoto. Sehemu nyeupe imebadilika? Hata kidogo. Mstari wa zamani wa fedha uligusa pembe moja tu, na palepale upo mstari wa mikono na mstari wa udongo. Ukiusogeza ule wa fedha peke yake, hiyo miwili yabaki imeziba njia. Mkopo huo haumwongezei hata senti moja ya faida, na riba atailipa.

Hili ndilo ningependa ulishike zaidi ya mengine yote katika makala hii. Kabla ya kutafuta fedha, jua ni mpaka upi unaokubana. Fomu nyingi za mkopo hupita mezani petu zikiwa zimejazwa mahali pa "kiasi kinachoombwa", lakini ukimwuliza mwenyewe nani atapalilia, hunyamaza.

Jaribu sasa kuusogeza mstari wa mikono badala ya ule wa fedha. Aongeze siku tano tu za vibarua, ziwe 75. Pembe mpya yatokea kwenye mahindi 4 na nusu na viazi 1 na nusu: eka sita zote zimejaa, na fedha za pembejeo ni zilezile 180,000. Faida ni Sh. 202,500. Kibarua akilipwa Sh. 500 kwa siku, malipo ni 2,500, na zilizobaki ni 200,000. Siku tano za jembe zimeleta Sh. 5,000 safi, ambazo mkopo peke yake haukuweza kuleta.

Je, mkopo haufai kabisa? La, wafaa ukienda pamoja na mikono. Akikopa 25,000, atie 20,000 kwenye pembejeo na 5,000 kwa siku kumi za vibarua, ataweza kupanda mahindi 4 na viazi 2. Faida ni Sh. 220,000; toa vibarua, zabaki 215,000 kabla ya riba. Mtu akiziona nambari hizi atatia sahihi upesi. Lakini bado hatujauliza swali la bei.

Viazi havikai ghalani kama mahindi. Vikiiva kwa wakati mmoja katika skimu nzima, mnunuzi wa lori ndiye hutaja bei. Tuseme bei yaanguka kutoka Sh. 2,000 hadi 1,300 kwa mfuko. Mauzo ya eka ni 78,000, faida ni 18,000 badala ya 60,000. Mahindi matupu yaleta 150,000 kama kwanza. Mahindi 5 na viazi 1 ni 143,000. Mahindi 3 na viazi 2, ile pembe iliyokuwa bora, sasa ni 111,000.

Hapa ndipo ua wa sita wapasa kuchorwa, nao ni wa "isipungue". Mkulima wetu ana watoto shuleni, na karo pamoja na mahitaji yake ni Sh. 60,000. Deni la shamba ni 40,000 kwa mwaka. Fedha za kushika mkononi, basi, zisipungue 100,000. Kumbuka tena kwamba magunia 12 yataliwa nyumbani. Tuliyahesabu kwa Sh. 3,000 kila moja, jumla 36,000, lakini fedha hizo hazitaingia mfukoni, zitaingia sufuriani. Na zile 180,000 za pembejeo zikirudi, zapasa kungoja msimu ujao, zisiguswe.

Toa 36,000 katika kila mpango, kwa ile bei mbaya ya viazi. Mahindi matupu yaacha 114,000. Mahindi 5 na viazi 1 yaacha 107,000. Mahindi 3 na viazi 2 yaacha 75,000, yaani upungufu wa 25,000: ama mtoto arudishwe nyumbani, ama deni lisilipwe, ama pembejeo za mwakani ziliwe. Mpango wa mkopo, mahindi 4 na viazi 2, yaacha 95,000 kabla ya riba; nao pia haufiki. Ule wa nusu nusu wenye vibarua vya siku tano waacha 101,000. Umefaulu, lakini kwa elfu moja tu.

Linganisha sasa mwaka mzuri na mwaka mbaya wa mahindi 5 na viazi 1. Mwaka mzuri, kabla ya kutoa chakula, faida yake ni 185,000, yaani 10,000 tu chini ya pembe bora. Mwaka mbaya karo na deni vyalipwa. Tena mpango huo watumia Sh. 160,000 za pembejeo, na 20,000 zabaki akiba ikiwa funza wa mahindi atataka dawa. Kwa mtu mwenye watoto shuleni, mimi ningechagua huo bila kusitasita. Asiye na deni wala karo aweza kuchagua mahindi 3 na viazi 2, na simlaumu. Hesabu haiwachagulii watu. Yawaonyesha tu bei ya kila uamuzi.

Usiyachukue majibu haya ukayapeleka shambani kwako. Kwako eka ya mahindi labda yatoa magunia 10, na hapo faida ya eka ni 10,000 tu, na pembe zote zapata majibu mengine. Andika nambari zako: eka zilizopimwa, si za kukisia, fedha zilizopo sasa, si za kuahidiwa, watu watakaopalilia kwa kweli, ukiwatoa watoto wa shule, magunia ya miaka mitatu, uchague lile la mwaka wa wastani, na bei ya chini kabisa uliyowahi kuipata kwa viazi. Ikiwa nyumbani yuko kijana aliyemaliza sekondari kwa mtaala wa 8-4-4, alifundishwa hesabu hii Kidato cha Pili, kisha Kidato cha Nne akaichora. Mpe penseli, lakini nambari utaje wewe na mkeo au mumeo, maana yeye hajui mbolea ilinunuliwa kwa kiasi gani.

Hesabu hii yapasa kumalizika kabla ya kununua mbegu ya viazi, kwa sababu ikishanunuliwa V imekwisha kuchaguliwa. Ukiisha kuchora, leta karatasi kwa afisa wa kilimo wa wadi yako, pamoja na fomu ya mkopo kama unayo, ikiwa bado haijatiwa sahihi. Na ikiwa mistari imepinda kwa kukosa rula, njoo vivyo hivyo. Rula zipo ofisini.